Kuku wa Futari ya Zamda

Ibra, Oman
21 Novemba 2024

Kaka Yotamu,

Kamwene. Mimi mzima. Natumaini na wewe mgongo umepoa, na mwanangu Zamda hajambo. Nakuandikia kwa sababu simu naruhusiwa Ijumaa tu, tena kidogo, na Zamda akishaishika haiachii. Barua hii anakuletea Roza wa Makambako, yule anayekuja huku kununua mabaibui. Ukitaka kujibu mpe yeye, ila gundi bahasha vizuri, ana mdomo.

Wiki hii huku ilikuwa sikukuu yao ya taifa. Magari yamevalishwa bendera mpaka kwenye vioo, watoto shingoni skafu nyekundu na nyeupe na kijani, mji mzima taa. Mimi nilikaanga sambusa tangu alfajiri, maana wageni walikuwa wanaingia na kutoka. Fataki niliziona kwa dirisha la jikoni. Niliziona nusu, nusu nyingine imezibwa na tangi la maji. Bibi mzee wa nyumba hii alizaliwa Unguja, Kiswahili anakijua kuliko mimi. Nilimwambia, "Bibi, hii mataa ni mazuri." Akacheka mpaka akakohoa. "Zaituni, huko kwenu milimani lugha mnaikata kwa shoka?" Hilo Zaituni ndilo jina wanaloniita huku, lile nililopewa niliposilimu kuolewa. Wewe niite Lea tu.

Sasa la maana. Krismasi inakuja, najua utachinja. Unakumbuka nilivyomwapia mama mkwe pale Rujewa, siku ya kuondoka. Alitaka Zamda abaki kwake, alelewe dini ya marehemu baba yake. Alisema huko milimani kwenu mtoto atalishwa kila kitu. Mimi nikamwambia kaka yangu si mtu wa hivyo, na shule ya huko ni nzuri zaidi. Kwa hiyo nakuomba, chochote kitakachochinjwa hapo nyumbani, kuku au mbuzi, achinje Muislamu. Mzee Kigahe yupo, na hajawahi kukataa.

Msalimie Zamda. Mwambie mama anamuwaza.

Mdogo wako,
Lea


Mgololo
12 Januari 2025

Mdogo wangu Lea,

Kamwene sana. Barua ilifika imekunjamana, Roza anasema aliikalia kwenye ndege. Sisi wazima. Mvua ni nyingi, malori ya mbao yananasa kila siku. Miche yangu ya misindano imeota vizuri, isipokuwa kitalu cha chini, maji yamekituamia.

Zamda ameingia darasa la tano. Tangu wifi yako Violet afariki hii nyumba ilikuwa kimya mpaka nikawa naacha redio inaongea peke yake, nipate sauti ya mtu. Siku hizi redio siifungui. Mtoto anaongea toka anaamka. Jana kaniambia, "Mjomba, unakoroma kama mashine ya kupasua mbao." Nikamwambia basi hamia kwa jirani. Akasema, "Hata kwa jirani unasikika."

Krismasi ilipita vizuri. Tulichinja mbuzi, watu wa kanisani walikuja, wakala wakashiba. Zamda alivaa lile gauni ulilotuma, limemkaa, ila mikono mirefu kidogo. Kuhusu ulichoagiza usiwe na wasiwasi.

Wanasema huko hakuna baridi kabisa. Huku asubuhi ukungu unashuka mpaka mlangoni. Nimemnunulia sweta.

Ni mimi kaka yako,
Yotamu


Ibra
16 Machi 2025

Kaka,

Kamwene, na kheri ya Ramadhani ingawa wewe hufungi. Mimi nafunga na kazi inaendelea. Jikoni mchana kuna moto, usiku kuna moto, nalala saa chache, lakini afya ipo.

Juzi ilikuwa katikati ya mwezi. Huku usiku huo watoto wanazunguka nyumba kwa nyumba na vifuko shingoni, wanaimba mlangoni, wanapewa pipi na karanga. Mimi nilipewa kazi ya kusimama mlangoni na kugawa. Kuna mmoja alikuja, kimo cha Zamda, pengo la mbele kama la Zamda. Nikampa. Akazunguka akarudi, nikampa tena. Mama mwenye nyumba aliona. Ndoo ya pipi akampa mtu mwingine.

Kaka, nataka nikushukuru. Ijumaa ya kwanza ya mfungo Zamda kaniambia anafunga, na siku za madrasa anarudi anakuta umempikia kuku wa futari, aliyechinjwa na Mzee Kigahe. Alivyokuwa anasema, kwa fahari! "Mama, Mjomba anapika kuliko wewe." Ijumaa iliyofuata niliiba dakika zangu nikampigia mama mkwe nikamweleza. Unamjua, yule hana maneno ya kupaka mafuta. Akasema, "Basi nilimwonea kaka yako. Mpe salamu zangu, mwambie Mwanahawa wa Rujewa anamsalimia."

Hujui nilivyofurahi. Sikulala.

Lea


Mgololo
6 Aprili 2025

Mdogo wangu Lea,

Kamwene. Huku tunaendelea. Idi tulikula Jumatatu. Zamda alikwenda kuswali na watoto wa Mzee Kigahe, akarudi na pilau ndani ya bakuli, nusu ameimwaga njiani. Mahindi yanakauka. Mgongo unaniuma lakini si sana.

Barua yako niliisoma nimekaa kitaluni. Nikaikunja nikaiweka mfukoni, nikaitoa, nikaisoma tena. Nilipofika pale kwenye salamu za mama mkwe wako ndipo niliposhindwa.

Lea, wale kuku Mzee Kigahe hakuwachinja. Niliwachinja mimi.

Unajua anapokaa, ng'ambo ya bonde. Kushuka na kupanda na hizi mvua, matope mpaka magotini, na mimi jioni mgongo umekwisha. Mara ya kwanza nilisema leo tu. Nikachinjia nyuma ya banda, nikanyonyoa, Zamda akarudi madrasa akakuta kuku yuko kwenye sufuria. Akauliza, "Mjomba, kachinja nani?" Nikasema, "Mzee Kigahe." Akasema, "Haya," akaenda kunawa.

Kila kuku aliuliza. Hakukosa hata mmoja. Na mimi kila mara nikajibu hivyohivyo, mpaka ikawa najibu kabla hajamaliza kuuliza.

Siku moja akarudi akaniambia amemshukuru Mzee Kigahe pale msikitini. Nikamuuliza, "Ulimwambiaje?" "Nilisema asante mzee kwa yote." Mzee alidhani anashukuriwa kwa kumfundisha, akampa tende. Zamda akanigawia moja. Nikaila.

Kuna siku ambayo ndiyo inaninyima usingizi. Ni siku aliyofunga kutwa nzima kwa mara ya kwanza. Hizo zilizotangulia alikuwa anaishia adhuhuri. Alirudi midomo imemkauka, akakaa kizingitini, nikamwambia kunywa maji, wewe bado mtoto. Akanitazama kama vile nimemtukana. Adhana ilipolia ng'ambo akanywa, akala tende, akasogeza sahani ya kuku. Akasema bismillahi kwa sauti, akanigeukia, "Na wewe sema, Mjomba." Nikasema.

Ndiyo hivyo. Nimeandika. Naomba unisamehe. Na naomba jambo lingine, sijui kama nina haki ya kuliomba: usimtoe Zamda kwangu.

Kaka yako,
Yotamu


Mgololo
18 Mei 2025

Lea mdogo wangu,

Kamwene. Zamda mzima, alikuwa na mafua, yamekwisha.

Roza ameniambia alikupa barua mkononi, ukaisoma umesimama, ukaikunja, ukasema hakuna majibu. Ijumaa unaongea na Zamda kama kawaida. Nikimwambia nipe na mimi nimsalimie mama yako, simu inakuwa imekatika. Zamda anasema ni mtandao.

Nafikiri umenijua. Umejua barua ile nilikuandikia nusu.

Si matope, Lea. Ilianza Krismasi. Mzee Kigahe alikuwa msibani Makambako, lakini kijana wake alikuwepo, naye anachinja. Simu nilikuwa nimeshaishika nimpigie. Wenzangu wa kanisani wamekaa uani, mbuzi amefungwa pale kwenye nguzo. Philbert, tunakaa wote baraza la wazee wa kanisa, akasema kwa sauti, "Yotamu, siku hizi mpaka uombe ruhusa msikitini ndio ule mbuzi wako?" Mwingine akadakia, "Subirini, kesho atatuvua viatu mlangoni." Wakacheka. Na mimi nikacheka. Nikarudisha simu mfukoni, nikachukua kisu.

Zamda alikuwa kwa jirani anasukwa. Aliporudi nyama iko tayari. Akaja mpaka nilipokaa, akauliza taratibu, mdomo sikioni, asinitie aibu mbele ya wageni. Philbert yuko pembeni yangu, mfupa mkononi. Nikasema kachinja kijana wa Mzee Kigahe. Philbert alinitazama. Halafu akaendelea kutafuna.

Baada ya hapo uongo wa kuku haukuwa kazi.

Hilo ndilo lote. Niliona haya mbele ya wanaume wenzangu, nikaona afadhali nimdanganye mtoto, maana mtoto hawezi kunicheka. Wala Philbert hata hakumbuki. Nilimtajia juzi, akasema, "Mbuzi gani?"

Tangu Aprili sijachinja kitu hapa. Tunakula maharage na dagaa. Zamda anauliza kuku wana ugonjwa gani.

Nijibu, hata kwa matusi.

Yotamu


Ibra
9 Juni 2025

Kaka Yotamu,

Barua zote mbili nimezipata. Mimi mzima.

Idi ya kuchinja huku ilikuwa Ijumaa, nasikia kwenu Jumamosi. Wana namna yao. Nyama wanaipaka viungo, wanaifunga na majani, wanaishusha kwenye shimo la makaa na kufukia. Inalala humo. Wanapoifukua ukoo wote unasimama kuzunguka shimo, wazee wanabishana kama imeiva, watoto wanasukumana, harufu inafika mtaa wa tatu. Halafu wanakaa chini, masinia marefu, bega kwa bega. Mimi nilikula nimesimama karibu na sinki. Si kwamba walininyima. Walinipa nyingi, nzuri. Hakuna tu aliyesema kaa.

Mwaka mzima nilikuwa najiambia, haidhuru, mimi nakula peke yangu lakini Zamda ana mtu wa kula naye. Hicho ndicho kilikuwa kinanishibisha, Kaka. Sasa nikifikiria ile sahani yenu nakuona wewe unamjibu.

Bibi mzee wa hapa nilimuuliza, bila kutaja mtu. Alisema wapo masheikh wanaosema nyama ya Wakristo haina neno, wapo wanaokataa. Nilimwacha anaendelea kueleza nikaenda kuanika nguo. Mtoto hakukuuliza sheria. Alikuuliza nani.

Zamda atahamia Rujewa kwa bibi yake kabla shule hazijafunguliwa. Mimi simpigii mama mkwe. Wewe utampeleka, na wewe utasema, kwa Zamda kwanza, halafu kwa bibi yake. Usiwaambie habari za mvua.

Nilikuwa nimeomba ruhusa nije Desemba. Wamesema tutaona mwakani. Hilo usimwambie.

Mama Zamda


Mgololo
6 Julai 2025

Lea,

Kamwene. Zamda yuko Rujewa, amefika salama na godoro lake na madaftari. Sweta alikuwa ameliacha kitandani, akasema huko Usangu joto. Nililiweka kwenye begi hivyohivyo. Karatasi ya uhamisho nimeipeleka mwenyewe kwa mwalimu mkuu wa huko.

Nakueleza yote kama yalivyokuwa.

Zamda nilimwambia jioni, tumekaa jikoni. Nilitaka kuanzia mbali, nikaacha. Nikasema, "Zamda, wale kuku niliokwambia kachinja Mzee Kigahe, nilichinja mimi. Na mbuzi wa Krismasi ni mimi."

Akauliza, "Hata wale wa kufuturu?"

"Hata wale."

"Sasa kwa nini ulisema Mzee Kigahe?"

"Nilikuwa nakudanganya."

Alikuwa na kikombe cha maji mkononi. Akachungulia ndani. "Na haya maji?"

"Maji ni maji, mama."

"Mimi nitajuaje?" Akakiweka chini.

Siku zilizobaki alikula kwa jirani. Nikipika anatoka nje. Kuongea aliongea, lakini kama anavyoongea na mwalimu: ndiyo Mjomba, hapana Mjomba. Niliwasha redio nikaizima.

Kwa Mzee Kigahe hukuniagiza, ila jina nililotumia ni lake. Nikavuka bonde. Nilimkuta kwenye cherehani anashona sare za shule. Nikamwambia. Akasimamisha mguu.

"Kwa hiyo mwaka huu nimechinja kuku wangapi?"

"Sijui, mzee."

"Na kijana wangu, mbuzi wangapi?"

"Mmoja."

"Tumefanya kazi kubwa, na hata utumbo hatukuuona."

Nilidhani ananitania, nikacheka. Yeye hakuwa anacheka. Akaanza kukanyaga cherehani tena. Nikaaga. Akaitikia bila kuinua kichwa.

Rujewa tulifika jua kali. Mpunga umevunwa, ng'ombe wa Wasukuma wamejaa mashambani, vumbi mpaka kwenye meno. Mama mkwe wako alikuwa uani anapepeta mchele. Zamda alimkimbilia. Mimi nilisema nimesimama, begi bado begani, maana nilijua nikikaa nitakunywa maji, nikinywa maji nitaanza kuzungumza habari za safari. Nikamwambia kuhusu mbuzi, kuku, Ramadhani, na kwamba uliyemwapia ni wewe na niliyevunja ni mimi, wewe hukujua. Alipepeta mpaka nikamaliza.

Akasema, "Mwezi wa tatu nilikutumia salamu."

"Zilifika, mama."

"Ukazipokea?"

"Nilizipokea."

Hapo ndipo aliponitazama. Nilitamani angetukana. Akaweka ungo chini, akasema, "Haya. Kaa, umetoka mbali."

Akaleta sinia la wali na samaki, akaniwekea mkekani. Akamwita Zamda. "Njoo ukae na mjomba wako."

"Nimeshiba, bibi."

"Sijakwambia ule. Nimesema ukae."

Akaja akakaa upande wa pili wa sinia, mikono mapajani, macho kwenye ng'ombe. Nikaanza kula. Wali ulikuwa wa moto na sikuisikia ladha yake. Nilikula polepole, nikachambua miiba mmojammoja kama mtu asiye na kazi, maana najua nikimaliza naondoka. Bakuli la mchuzi lilikuwa mbali na mimi. Sikuomba. Baada ya muda Zamda akalisukuma kwa kidole, likaja upande wangu, na macho yake yako kulekule.

Hakula, Lea. Ila alikaa mpaka nilipomaliza.

Kaka yako,
Yotamu